Flashi huchomolewa kwa sekunde moja, hesabu za mwezi mzima hupotea

Inapokaribia tarehe 20 ya kila mwezi, ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya ongezeko la thamani (VAT) nchini Tanzania na Kenya, flashi hutembea sana kati ya maduka, ofisi za wahasibu na steshenari. Nyingi hubeba kitu kimoja: daftari la mauzo na manunuzi ambalo siku hizi halikai tena kwenye karatasi.

Ipo hasara inayowapata wafanyabiashara katika safari hiyo ambayo haitokani na wizi wala virusi. Inatokana na tendo la sekunde moja, yaani kuchomoa flashi mara tu dirisha la kunakili linapofungwa.

Mwenye duka huona majina ya mafaili yake yote yametokea kwenye flashi, huichomoa, huitia mfukoni na kwenda kwa mhasibu. Ikifunguliwa huko, faili hukutwa lipo kwa jina tu na ndani hamna kitu, au kompyuta hudai flashi ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Mwenye mali huilaumu flashi, muuza flashi huilaumu kompyuta, na mhasibu humlaumu mteja kwa kuchelewa.

Jambo la kufahamu hapa ni moja. Kompyuta inaposema imemaliza kunakili, inaweza kuwa inamaanisha kwamba imeupokea mzigo, si kwamba imeufikisha. Amri ya kutoa flashi kwa usalama ndiyo inayofunga hesabu kati ya hayo mawili.

MZIGO BADO UKO BANDARINI

Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka data ambazo ni vyema zisichanganywe. Ya kwanza ni kumbukumbu ya ndani, ambayo ni ya haraka mno lakini husahau kila kitu umeme ukikatika. Ya pili ni diski au flashi, ambayo haisahau lakini huandika polepole zaidi.

Kwa kuwa flashi ni ya polepole, mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima kama vile Windows, Linux au mfumo wa Macintosh, haupendi kumsubirisha mtumiaji. Unapoambiwa uandike faili, huweza kulipokea kwanza kwenye sehemu ya kumbukumbu ya ndani iitwayo akiba ya muda, ukamjibu mtumiaji kwamba kazi imekwisha, kisha ukaendelea kuandika kwenye flashi kimyakimya.

Wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa kutoka nje wanaifahamu hali hiyo. Hati za mzigo zinaweza kuwa mezani, jina la mwagizaji limeandikwa na idadi ya makasha imetajwa, na bado mzigo wenyewe uko bandarini. Anayeuza kwa kutegemea hati peke yake anauza kitu ambacho hakijaingia ghalani kwake.

Muda wa kusubiri hutofautiana. Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data iliyopokelewa inaweza kukaa kwenye kumbukumbu hadi sekunde 30 kabla haijahesabiwa kuwa imezeeka kiasi cha kulazimishwa iandikwe. Baada ya hapo kuandika kwenyewe huchukua muda wake. Faili kubwa likipelekwa kwenye flashi ya polepole, kazi hiyo inaweza kuendelea kwa dakika kadhaa baada ya mtumiaji kudhani yote yamekwisha.

Mpango huo haukubuniwa kwa uzembe. Kuandika kwa mafungu makubwa ni nafuu kuliko kuandika vipande vidogo vidogo, kama ambavyo lori moja lililojaa ni nafuu kuliko safari 20 za mkokoteni. Faida yake ni kasi, na gharama yake ni kwamba kuna kipindi ambacho kompyuta na flashi hazikubaliani juu ya kilichoandikwa.

TATIZO LENYE UMRI MREFU

Suala hili ni la zamani kuliko flashi zenyewe. Kompyuta ya Macintosh iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1984 haikuwa na kitufe cha kutolea disketi. Mtumiaji aliiomba kompyuta, nayo ikaisukuma disketi nje kwa mota baada ya kumaliza kazi zake. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuiburuta picha ya disketi hadi kwenye pipa la taka. Wengi waliogopa kufanya hivyo wakidhani wanafuta mafaili yao.

Kompyuta za kawaida za ofisini zilichukua njia nyingine. Disketi yao ilikuwa na kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na mwenye haraka aliweza kuitoa wakati wowote, hata taa ikiwa bado inawaka.

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilipata funzo lake. Toleo la MS-DOS 6.0 lilikuja na programu ya akiba ya muda iitwayo SMARTDrive, ambayo ilichelewesha kuandika kwenye diski ili kuongeza kasi. Mtumiaji aliona alama ya kungoja amri imerudi kwenye kioo, akadhani kazi imekwisha na kuzima kompyuta. Data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ilipotea.

Katika toleo la 6.2, lililotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, utaratibu ulibadilishwa ili alama ya kungoja amri isirudi kabla data haijaandikwa. Kompyuta ilionekana kuwa ya polepole kidogo, lakini ilichosema kilikuwa kweli.

Kiunganishi cha USB kilitangazwa mwaka 1996. Mwaka 2000 ndipo flashi za USB zilipoingia sokoni, zikiwemo ThumbDrive ya kampuni ya Trek ya Singapore na ile iliyouzwa na IBM ikiwa na uwezo wa megabaiti 8. Kiasi hicho kilizidi mara tano ujazo wa disketi ya megabaiti 1.44, na kwa wakati wake kilionekana kikubwa.

Flashi ilileta urahisi, lakini iliondoa kizuizi cha mwisho. Mlango wa kisomea CD unaweza kufungwa na mfumo wa uendeshaji mpaka kazi iishe. Tundu la USB halina kufuli. Hakuna kitu ndani ya kompyuta kinachoweza kuuzuia mkono wa mtu kuchomoa, na kompyuta hupata habari baada ya flashi kuwa imekwisha kuondoka.

FAILI MOJA, MAANDISHI MATATU

Ili kuelewa kwa nini flashi nzima huweza kuharibika kwa sababu ya faili moja, inafaa kujua jinsi faili linavyowekwa. Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32, uliotoka mwaka 1996, au exFAT, uliotoka mwaka 2006 na unaokuja na kadi za kumbukumbu zenye ujazo unaozidi gigabaiti 32.

Katika mpangilio wa FAT32, kuandika faili moja kunahitaji maandishi ya aina tatu. Kwanza ni yaliyomo ndani ya faili, yaani hesabu zenyewe. Pili ni jedwali linaloonyesha vyumba gani vya flashi vimechukuliwa na faili hilo na kwa mfuatano gani. Tatu ni orodha ya folda, yenye jina la faili, ukubwa wake na chumba linapoanzia.

Mambo hayo matatu hayaandikwi kwa pigo moja. Flashi ikichomolewa katikati, moja linaweza kuwa limeandikwa na mengine bado. Ndipo hukutwa jina bila yaliyomo, au yaliyomo bila jina, au vyumba vilivyohesabiwa kuwa vimejaa ilhali hakuna faili linalovimiliki.

Hatari kubwa zaidi ni jedwali likikatwa njiani. Jedwali hilo ni la flashi nzima, si la faili lililokuwa likinakiliwa peke yake. Kwa sababu hiyo faili la mwaka uliopita, ambalo hakuna aliyeligusa siku hiyo, linaweza kupotea pamoja na la leo.

Mhasibu yeyote atalitambua kosa hilo. Ni sawa na kuandika upande wa kulia wa leja na kuitwa nje kabla ya kuandika upande wa kushoto. Anayekuja baadaye hukuta hesabu zisizolingana na hawezi kujua upande upi ndio wa kweli.

Ipo mipangilio yenye kinga. NTFS ya Windows, iliyotoka mwaka 1993, huandika kwanza kwenye jarida mabadiliko inayokusudia kufanya, kama wahasibu wanavyoandika kwenye jarida kabla ya kupeleka leja. Kazi ikikatika, jarida husomwa na mpangilio hurudishwa sawa. Hata hivyo, jarida hilo hulinda mpangilio wa flashi, si lazima yaliyomo ndani ya faili. FAT32 na exFAT hazina jarida la namna hiyo.

Kilichopo kwenye FAT32 na exFAT ni alama ndogo. Flashi inapoanza kuandikwa, mfumo huweza kuweka alama kwamba hesabu hazijafungwa, na huifuta flashi inapotolewa vizuri. Ikichomekwa tena ikiwa na alama hiyo, Windows humwambia mtumiaji kwamba flashi ina tatizo na kumshauri aikague. Wengi hulifunga dirisha hilo bila kulisoma, na kwa kufanya hivyo huanza kuandika juu ya hesabu ambazo huenda tayari zina kasoro.

KOMPYUTA HUULIZA KWANZA

Mtumiaji anapobofya amri ya kutoa flashi kwa usalama, kazi nne hufanyika kwa mpango. Kwanza mfumo huuliza programu zote kama kuna inayotumia kitu chochote kilichomo. Pili, zikikubali, data yote iliyokuwa kwenye akiba ya muda huandikwa. Tatu, mpangilio wa mafaili hufungwa na ile alama hufutwa. Nne, kifaa huondolewa kwenye hesabu ya vifaa vinavyotumika na mtumiaji huambiwa anaweza kukichomoa.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowaudhi watu. Programu moja ikikataa, kazi yote husimama, na kompyuta hujibu kwamba kifaa bado kinatumika. Sababu zinaweza kuwa ndogo: jedwali la hesabu limeachwa wazi, dirisha la folda halijafungwa, au programu ya kukagua virusi bado inapitia mafaili.

Jibu hilo ni taarifa, na halina ubovu ndani yake. Linasema kuna mtu ndani ya ghala na mlango usifungwe. Anayeamua kuchomoa kwa sababu kompyuta imekataa, anachomoa katika wakati ambao hatari imethibitishwa.

Tangu Windows 2000, mfumo huo una njia mbili tofauti za kushughulikia kuondoka kwa kifaa. Moja ni ile ya kuuliza, kukubaliwa na kuondoa. Nyingine ni ya dharura, pale kifaa kinapotoweka ghafla. Katika hiyo ya pili programu haziulizwi bali huarifiwa tu, na data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa haina tena pa kwenda. Windows 2000 ilikuwa ikimwonyesha mtumiaji dirisha la onyo kwamba ameondoa kifaa isivyo salama. Macintosh za leo bado huonyesha onyo la aina hiyo.

Onyo la baada ya tukio halirudishi kitu. Kazi yake ni kumwambia mwenye flashi kwamba aikague kabla ya kuitegemea.

SERA MBILI ZA WINDOWS

Wapo wanaosema kwamba kwa kompyuta za sasa amri hiyo haina maana tena. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ghali.

Windows ina sera mbili kwa vifaa vya kuchomeka. Sera ya kwanza huitwa ya uondoaji wa haraka. Chini yake, mfumo hauweki data ya flashi kwenye akiba ya muda kwa kuchelewesha, bali huiandika wakati uleule. Sera ya pili ni ya utendaji bora, ambayo hutumia akiba hiyo ili kuongeza kasi na humtaka mtumiaji atoe kifaa kwa utaratibu kila mara.

Microsoft imeeleza kwamba kuanzia Windows 10 toleo la 1809 la mwaka 2018, sera ya uondoaji wa haraka ndiyo inayowekwa kwa kawaida, ilhali katika matoleo ya nyuma ilikuwa ya utendaji bora. Habari hizo zilipoenea mwaka 2019, watu wengi walielewa kwamba wameruhusiwa kuchomoa wakati wowote.

Sivyo ilivyo. Sera ya uondoaji wa haraka haimlindi anayechomoa wakati kuandika kunaendelea. Pia haizihusu programu zilizofungua faili moja kwa moja kwenye flashi. Aidha, sera hubadilishwa kwa kila kifaa, na mtu anayetumia kompyuta ya steshenari hawezi kujua mwenye kompyuta alichagua ipi wala toleo gani limewekwa humo.

Kwenye Linux na Macintosh hali ni ileile ya zamani: flashi hufunguliwa na hufungwa kwa amri. Anayetumia Linux anaweza kutoa amri ya sync, ambayo hulazimisha data iliyoko kwenye akiba iandikwe, kisha umount, ambayo hufunga flashi. Amri ya pili isiporudi haraka, maana yake kuna mzigo ambao bado unashushwa.

KUFANYIA KAZI NDANI YA FLASHI

Tabia nyingine inayoleta hasara ni kufungua jedwali la hesabu likiwa kwenye flashi na kulifanyia kazi humohumo siku nzima. Excel inapohifadhi, haibadilishi tarakimu ndani ya faili la zamani. Huandika faili jipya la muda lenye jina geni, huliondoa la zamani, kisha hulipa lile jipya jina la zamani.

Mtu akichomoa flashi katikati ya zoezi hilo, anaweza kukuta faili lake halipo na badala yake kuna faili la jina asilolitambua. Wengi hulifuta wakidhani ni takataka au virusi, kumbe ndilo pekee lililobaki na hesabu za wiki.

Utaratibu salama ni kunakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta, kulifanyia kazi huko, kulifunga, kisha kulirudisha kwenye flashi. Flashi ibaki kuwa gari la kusafirishia, isigeuzwe duka.

Ikumbukwe pia kuwa kuilaza kompyuta si kuizima. Kompyuta iliyolazwa hukumbuka hali ya flashi kama ilivyokuwa. Flashi ikichomolewa wakati huo, ikaandikwa kwenye kompyuta nyingine na kurudishwa, kompyuta ya kwanza inaweza kuamka ikiwa na picha ya zamani ya jedwali na kuandika juu ya jipya.

SIMU NAZO

Wanaotumia simu za Android watakuwa wameona tofauti. Simu za mwanzo zilipounganishwa na kompyuta ziliikabidhi kadi yao yote, na wakati huo simu yenyewe haikuweza kuitumia. Sababu ni kwamba mifumo miwili haiwezi kuandika kwenye jedwali moja kwa wakati mmoja bila kuharibiana, kama makarani wawili wasivyoweza kuandika leja moja bila kuonana.

Kuanzia Android 3.0 ya mwaka 2011, simu zilianza kuhamia kwenye njia ya MTP, ambayo kompyuta huiomba simu iandike faili kwa niaba yake. Jedwali hubaki mikononi mwa simu. Kuchomoa waya katikati ya kunakili kwa njia hiyo huweza kuliharibu faili lililo njiani, lakini kompyuta haina tena nafasi ya kuliacha jedwali la simu likiwa nusu.

Kadi iliyomo ndani ya simu ni jambo jingine. Kuichomoa simu ikiwa imewaka, bila kuifunga kwanza kwenye mipangilio, ni sawa kabisa na kuchomoa flashi.

UMEME UNAPOKATIKA

Kukatika kwa umeme ni uchomoaji usio na mtu. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika palepale, na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu hupotea, iwe kilikuwa kinakwenda kwenye flashi au kwenye diski ya ndani. Katika maeneo ambayo umeme hukatika bila taarifa, mwenye kompyuta ya mezani anapaswa kuihesabu hatari hiyo pamoja na hatari ya mkono.

Flashi yenyewe nayo ina kompyuta ndogo ndani yake. Kidhibiti hicho huamua data iwekwe wapi na hutunza ramani yake, kwa sababu aina hiyo ya kumbukumbu haiwezi kuandikwa upya kabla ya kufutwa kwa mafungu. Umeme ukikatika wakati ramani inaandikwa, flashi inaweza isitambulike kabisa. Hapo hakuna kufomati kutakakosaidia.

Waliobuni USB waliliona hilo kwa kiasi fulani. Kwenye plagi bapa ya kawaida, vipande viwili vya umeme vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya data vya katikati. Umeme huunganishwa kwanza na hukatika mwisho. Hatua hiyo huzilinda nyaya za ndani zisiungue, lakini muda wake ni mfupi mno kuweza kumaliza kazi iliyobaki.

Taa ya flashi pia isitegemewe peke yake. Kwa baadhi ya kompyuta taa huendelea kuwaka hata baada ya ruhusa ya kuchomoa kutolewa, kwa sababu tundu bado lina umeme. Kwa upande mwingine, taa iliyotulia inaweza kuwa imetulia kwa muda tu kabla fungu linalofuata halijaanza kuandikwa.

KWA ANAYENUNUA SOKONI

Suala la flashi kusema jambo lisilo kweli lina sura nyingine inayowahusu wanunuzi. Zipo flashi bandia ambazo kidhibiti chake kimepangwa kutaja ujazo mkubwa kuliko uliomo. Kompyuta huamini inachoambiwa. Ujazo wa kweli ukijaa, data mpya hupotea au huandikwa juu ya ile ya zamani, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana.

Dalili za flashi bandia hufanana sana na za flashi iliyochomolewa vibaya, na ndiyo maana ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi hauishi. Njia ya kuutatua ni kuijaza flashi mpya yote kabla ya kuitegemea, kuitoa kwa utaratibu, kuirudisha, kisha kuisoma yote. Programu ya H2testw hufanya kazi hiyo bila malipo. Muuzaji mwaminifu hatakataa kipimo hicho kifanyike mbele yake kwa mzigo wa jumla, walau kwa flashi chache za kuchagua.

Bei ya chini mno kwa ujazo mkubwa mno ni onyo la kutosha kwa anayejua bei za soko.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwa duka au ofisi ndogo, utaratibu ufuatao hauna gharama yoyote ya fedha. Mafaili yote yafungwe kabla ya kutoa flashi. Amri ya kutoa kwa usalama itolewe na jibu lake lisubiriwe. Kompyuta ikijibu kuwa kifaa kinatumika, programu zifungwe moja baada ya nyingine na amri irudiwe. Ikiendelea kukataa, kompyuta izimwe kabisa na flashi ichomolewe baada ya kuzimika.

Faili lenye thamani lichunguzwe kabla ya kuondoka. Flashi ikishatolewa irudishwe mara moja, na faili lifunguliwe kutoka humo. Kulifungua kabla ya kuitoa si kipimo, kwa kuwa kompyuta inaweza kulionyesha kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe wakati kwenye flashi hakuna kitu.

Flashi isiwe mahali pekee penye hesabu. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta ya dukani na nyingine mahali pengine. Flashi inayopotea ikiwa na nakala nyumbani ni hasara ya bei ya flashi. Ikiwa peke yake, hasara ni madeni ya wateja yasiyodaiwa, ritani iliyochelewa na adhabu yake.

Endapo tatizo limekwisha kutokea, jambo la kwanza ni kutoandika chochote zaidi kwenye flashi hiyo. Kompyuta ikidai kufomati, ikataliwe. Yanayosomeka yanakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, na ukaguzi wa kurekebisha ufanywe baadaye, kwa sababu zana za kurekebisha hulenga kuurudisha mpangilio wa flashi uwe sawa na huweza kufuta vipande vya mafaili ili kufanikisha hilo. Fundi apewe flashi kama ilivyo, bila majaribio ya awali ya jirani.

Wafanyabiashara wa mwambao hadi bara wana msemo wa siku nyingi: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi limehamia kwenye kifaa kidogo kuliko kidole. Linahitaji kufungwa vizuri jioni kama lile la karatasi, na kulifunga kunachukua sekunde chache tu za kusubiri jibu.